Kufuli: kufungwa, kushika na kushikiwa

kufuli *nm* [i-/zi-; pia wingi *makufuli*] 1 kifaa cha chuma kinachotiwa kwenye pete za mlango, lango au sanduku ili visifunguliwe bila ufunguo. 2 (kompyuta) alama katika kumbukumbu ya kompyuta inayotoa zamu ya kugusa data: aliyeishika huendelea na kazi, wengine hungoja.

Makala hii inahusu maana ya pili, na hasa vitenzi vinavyoambatana nayo. Mtafsiri anayeandika "kufuli imefungwa" huwa ametoa nusu ya taarifa, kwa kuwa hajasema imefungwa na nani. Katika mazungumzo ya kila siku nusu hiyo mara nyingi hutosha. Katika mfumo wa faili haitoshi, na kisa cha mfumo uitwao XFS kinaonyesha kwa nini.

Asili na majirani wa neno

Kufuli limetokana na neno la Kiarabu *qufl*. Majirani wake wa karibu ni komeo na kitasa, lakini maneno haya hayabadilishani nafasi. Komeo ni ubao au chuma kinachopitishwa nyuma ya mlango, na kwa kawaida aliye ndani ndiye anayelisukuma. Kitasa kimejengwa ndani ya mlango wenyewe. Kufuli hubebeka: hutiwa, huondolewa, na huweza kuhamishiwa mlango mwingine. Kwa mantiki tupu kitasa kingefaa zaidi katika maana ya kompyuta, maana kufuli nyingi za programu zimejengwa ndani ya kitu zinachokilinda. Hata hivyo kufuli ndilo lililokwisha kuzoeleka, na hakuna faida ya kulipinga.

Tofauti moja kati ya kufuli ya chuma na kufuli ya programu inapaswa kukumbukwa daima: ya programu haina ufunguo. Hakuna kitu cha tatu kinachopitishwa mkononi. Kuna kufuli yenyewe, na kuna aliyeishika. Kwa hiyo sitiari iliyo karibu zaidi si ya mlango bali ya zamu. Kiswahili husema kushika zamu, kushika usukani, kushika hatamu. Na kushika kufuli hukaa vizuri katika safu hiyo.

Shajara, na kwa nini inahitaji kufuli

Mfumo wa faili ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayopanga mahali pa kila faili kwenye diski. Kila faili ina kumbukumbu yake ndogo iitwayo inodi, inayohifadhi metadata: ukubwa wa faili, mwenyewe, tarehe, na mahali vipande vyake vilipo. Umeme ukikatika wakati mabadiliko ya inodi yameandikwa nusu, diski hubaki na taarifa zinazopingana. Ili kuepuka hali hiyo, baadhi ya mifumo huandika kwanza kile inachokusudia kubadilisha katika eneo maalumu, kisha ndipo hubadilisha mahali halisi. Umeme ukirudi, mfumo husoma eneo hilo na kuyarudia mabadiliko yaliyokamilika kuandikwa humo.

Eneo hilo liitweje? *Jarida* humpeleka msomaji kwenye gazeti la kila mwezi au chapisho la chuo kikuu. *Daftari* ni pana mno. *Shajara*, kitabu cha kuandikia matukio kwa mfuatano wa siku, hubeba jambo lililo la msingi hapa, yaani mfuatano. Kinachopendekezwa ni *mfumo wa faili wenye shajara*, na kila fungu la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote liitwe *muamala*, neno ambalo huduma za fedha kwa simu zimelifanya lijulikane hadi sokoni.

Shajara hulinda dhidi ya kukatika kwa umeme. Hailindi dhidi ya maandishi yenye kasoro. Nyuzi mbili, yaani mifululizo miwili ya maagizo inayotekelezwa sambamba, zikibadilisha inodi moja kwa pamoja, matokeo huweza kuwa mchanganyiko usio wa yeyote kati yake. Shajara itauandika mchanganyiko huo kwa uaminifu uleule inaoandika ukweli, na baada ya umeme kurudi itaurudia neno kwa neno. Kinachozuia ajali hiyo ni kufuli. Ndiyo maana katika XFS inodi haiingizwi kwenye muamala mpaka kufuli yake ya kuandika iwe imeshikwa.

Kisa cha XFS

XFS ilianza kuundwa mwaka 1993 katika kampuni ya Silicon Graphics kwa ajili ya mfumo wa uendeshaji wa IRIX, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikahamishiwa Linux. Tangu mwaka 2014 ndiyo chaguomsingi la Red Hat Enterprise Linux, kuanzia toleo la 7. Ni mfumo wa seva kubwa na diski kubwa, ambako nyuzi nyingi hugombea faili zilezile.

Kila inodi ya XFS ililindwa na kufuli tatu: moja kwa usomaji na uandishi wa data, ya pili kwa kurasa za faili zilizowekwa kwenye kumbukumbu, ya tatu kwa metadata. Kila moja ina njia mbili za kushikwa. Wasomaji wengi huweza kuishika kwa pamoja, kwa kuwa kusoma hakuharibu. Mwandishi huishika peke yake.

Kadiri miaka ilivyopita, kufuli mbili za kwanza zilikabidhiwa kwa sehemu ya kiini cha Linux inayotumiwa na mifumo yote ya faili: ya kwanza katika toleo la 4.10 la mwaka 2017, ya pili katika toleo la 5.15 la mwaka 2021. Kufuli ya tatu ilibaki ndani ya XFS, ikiwa imefunikwa kwa gamba liitwalo mrlock, jina lililotoka IRIX. Ndani ya gamba hilo kulikuwa na semafori ya kawaida ya Linux ya wasomaji na waandishi. Msimbo ulipoandaliwa kwa ajili ya ukaguzi, kando ya semafori hiyo iliongezwa namba moja iitwayo mr_writer. Mwandishi akiishika kufuli, namba ilikuwa 1. Akiiachia, ilirudi 0.

Kazi ya namba hiyo ilikuwa ukaguzi tu. Sehemu nyingi za XFS zilikuwa na kauli inayouliza, kabla ya kubadilisha inodi, kama kufuli imeshikwa kwa kuandika. Swali hilo liliulizwa kupitia shughuli iliyoitwa xfs_isilocked, ambayo ilijibu ndiyo au siyo. Kwa upande wa kuandika, jibu lilitoka kwenye mr_writer. Kwa upande wa kusoma, jibu lilikuwa ndiyo ikiwa kufuli imeshikwa na yeyote, kwa njia yoyote.

Hapa pana kasoro, na ni kasoro ya kisarufi kabla ya kuwa ya kihandisi. Tuseme uzi A umeshika kufuli ya kuandika, na unaitumia ipasavyo. Wakati huohuo uzi B, kwa kosa la mwandishi wa msimbo, unaingia kubadilisha inodi ileile bila kushika chochote. Unafika kwenye kauli ya ukaguzi. Swali linaulizwa: imefungwa? Jibu: ndiyo. Na jibu ni la kweli, kwa kuwa A ameifunga. Ukaguzi unapita, na kosa linapita pamoja nao.

Linux ilikuwa tayari na chombo cha kuuliza swali lenye nguvu zaidi. Tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006 kiini kimekuwa na lockdep, kikaguzi kinachoweza kuwashwa wakati wa majaribio. Lockdep huweka, kwa kila uzi, orodha ya kufuli ambazo uzi huo umezishika. Hakiulizi kama imefungwa. Kinauliza kama *wewe* umeishika. Zaidi ya hayo, semafori yenyewe tayari ilikuwa na biti inayoonyesha kuwa mwandishi yumo, kwa hiyo mr_writer ilikuwa nakala ya taarifa iliyokuwa inchi chache tu kutoka hapo. Kurahisisha, basi, kulionekana kuwa kazi ya kufuta: gamba liondoke, namba iondoke, na lockdep ijibu.

Kikwazo kilitoka mahali pasipotarajiwa. XFS huhifadhi ramani ya vipande vya faili katika mti wa faharasa, na tawi la mti likijaa hugawanywa mara mbili. Kazi hiyo hutumia nafasi kubwa ya kumbukumbu ya muda, na katika kiini nafasi hiyo ni finyu: kwenye prosesa za x86 za biti 64 kila uzi ulikuwa na kilobaiti 8 tu, hadi zilipoongezwa kuwa 16 mwaka 2014. Kwa hiyo XFS ilizoea kuikabidhi kazi ya kugawanya tawi kwa uzi mwingine, uzi kibarua, wenye nafasi yake iliyo tupu. Uzi uliotuma kazi hungoja mpaka kibarua amalize, na muda wote huo kufuli iko mikononi mwake. Kibarua hubadilisha metadata kihalali kabisa, ilhali hajashika kufuli yoyote. Akiulizwa na lockdep kama ameishika, jibu la kweli ni hapana, na kengele ya hatari italia pasipo na hatari.

Suluhisho liliingia katika toleo la 6.9, lililotolewa Mei 2024, kupitia mabadiliko ya Matthew Wilcox. Gamba la mrlock na namba yake viliondolewa, na semafori ikabaki peke yake. Semafori zikapewa kauli za uthibitisho zilizo wazi. Kwa usomaji, lockdep ikiwa imewashwa, kauli humtaka uzi uliopo awe yeye ndiye mshika kufuli. Kwa uandishi, XFS iliamua kuuliza swali dhaifu zaidi, yaani kama kuna mwandishi yeyote aliyeishika, na jibu husomwa moja kwa moja kwenye biti ya semafori. Jina la kauli hiyo lenyewe linakiri kwamba lockdep haikuulizwa, na maelezo mafupi ndani ya msimbo yanataja sababu: wakati mwingine anayekaguliwa ni kibarua.

Kwa hiyo kurahisisha hakukuongeza ukali wa kila ukaguzi. Swali dhaifu bado lipo mahali palipolihitaji. Kilichobadilika ni kwamba sasa linaulizwa kwa jina lake, na msomaji wa msimbo hawezi tena kulidhania kuwa lile lenye nguvu.

Maswali matatu, maumbo matatu ya kitenzi

Kisa hiki kina maswali matatu tofauti, na Kiswahili kina umbo la kitenzi kwa kila moja. Mwandishi wa nyaraka za kiufundi akiyachanganya, huirudisha kasoro ambayo wahandisi waliiondoa.

*Kufungwa* na *kushikwa*. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda nje ya sentensi. "Mlango umefungwa" ni sentensi kamili. Anayefika mlangoni hahitaji kujua zaidi. Hili ndilo swali la mr_writer, na ndilo swali la biti ya semafori. Umbo hili litumike tu pale ambapo hali ndiyo inayotajwa, na mshika hajulikani au hahitajiki: *kufuli imeshikwa kwa kuandika*.

*Kushika*. Vitenzi vya mkao na vya kushikilia vina tabia ya pekee pamoja na kiambishi *-me-*. Amesimama, amekaa, amelala, amevaa, ameshika: vyote hueleza hali iliyopo sasa, si tendo lililopita tu. "Anashika kufuli" humweleza anayenyoosha mkono au mwenye mazoea ya kuishika. "Ameshika kufuli" humweleza aliyenayo mkononi wakati huu. Zaidi ya hayo, kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi hakiruhusu mshika asahaulike. *Uzi umeshika kufuli* hujibu maswali mawili kwa mara moja: iko katika hali gani, na iko kwa nani. Hili ndilo swali la lockdep.

*Kushikiwa*. Kauli ya kutendea humwingiza mnufaika. "Nishikie mtoto," husema mama anayetaka kufunga kanga yake vizuri. Mtoto yumo mikononi mwa mwingine, lakini kwa ajili yake. Uzi unaongoja ugawanyaji wa tawi *umemshikia kibarua kufuli*, na kibarua *ameshikiwa*. Lugha nyingi huhitaji sentensi nzima kuieleza hali hii. Kiswahili huieleza kwa silabi moja, na ni upotevu kuiacha silabi hiyo na kuandika "ana kufuli kwa njia isiyo ya moja kwa moja".

Umbo la nne lina kazi yake pia. *Kushikilia* ni kushika na kukataa kuachia. Lisitumike kama kisawe cha kushika; libaki kwa uzi unaokaa na kufuli kupita kiasi na kuwachelewesha wengine.

Swali na uthibitisho

Mabadiliko ya mwaka 2024 yalifuta pia umbo la swali. Shughuli ya zamani ilirudisha jibu, na jibu likirudi, mtu huweza kushawishika kulitumia kuamua hatua inayofuata. Uamuzi wa namna hiyo ni hatari: kwa sekunde ndogo kati ya jibu na hatua, aliyeshika huenda ameachia. Shughuli mpya, xfs_assert_ilocked, hairudishi kitu. Hutamka sharti, na sharti likivunjwa hutoa onyo.

Katika tafsiri, swali na sharti visiandikwe kwa sura moja. Swali ni *Je, kufuli imeshikwa?* Sharti linahitaji hali ya dhamira: *kufuli iwe imeshikwa*, au linapomhusu mtendaji, *uzi uwe umeshika kufuli*. Muungano wa *-we* na *-me-* husema kwamba hali hiyo lazima iwe imekwisha kuwapo kabla ya hatua kuanza, na hicho ndicho hasa kinachothibitishwa.

Tahadhari kuhusu -funga

Kitenzi *-funga* kina mzigo mkubwa: hufunga mlango, mzigo, bao, mfungwa na Ramadhani. Katika kompyuta mzigo huo huzaa utata halisi, kwa sababu kufunga faili ni kumaliza kuitumia, kinyume cha kuifungua. "Faili imefungwa na programu nyingine" huweza kueleweka kuwa programu hiyo imemaliza nayo, ilhali ujumbe uliokusudiwa ni kwamba bado inaitumia na haitaki wengine waiguse. Maana hizo mbili zinapingana, na mtumiaji anayezichanganya huweza kuichomoa diski wakati mbaya kabisa.

Mapendekezo ni haya:

– *kutia faili kufuli*, si *kufunga faili*, pale inapokusudiwa kuzuia wengine;
– *kushika kufuli* kwa kuipata na kuwa nayo; *kuachia kufuli* kwa kuitoa, wala si *kufungua*;
– *kufuli ya kusoma* inayoshikwa kwa pamoja, na *kufuli ya kuandika* inayoshikwa na mmoja;
– *mshika kufuli* kwa mwenye zamu, kwa mfano wa mshika kibendera. *Mshikaji* liepukwe: mitaani humaanisha rafiki wa karibu, na msomaji atacheka kabla ya kuelewa;
– *mkwamo* kwa hali ambapo uzi mmoja umeshika kufuli ya kwanza ukingoja ya pili, huku mwingine umeshika ya pili ukingoja ya kwanza. XFS huepuka mkwamo kwa kuweka utaratibu wa kudumu: kufuli ya data kwanza, kisha ya kurasa, na ya metadata mwisho;
– *ufuatiliaji wa kufuli* kwa kazi nzima ya kujua kufuli gani ziko kwa nani.

Pale mwandishi anapositasita kati ya *imefungwa* na *ameshika*, kigezo ni kimoja. Kama sentensi ingebaki kuwa kweli hata aliyeshika akiwa mtu mwingine kabisa, *imefungwa* au *imeshikwa* inatosha. Kama usalama wa data unategemea kwamba ni huyu na si mwingine, mtenda atajwe.